Kutuma, Kupeleka na Kusindikiza: Vitenzi vya Kiingereza vya Kumwelekeza Mtu Mahali na Ugumu Wake kwa Wajifunzaji Wachina

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tofauti za kimaana na kimatumizi baina ya vitenzi vya Kiingereza vinavyoeleza tendo la kumtuma au kumpeleka mtu mahali, hususan “send”, “take”, “see off”, “dispatch”, “post”, “assign” na “second”, kwa kuzingatia matatizo ya wajifunzaji ambao lugha yao ya kwanza ni Kichina Sanifu. Inadaiwa kwamba makosa mengi ya wajifunzaji hao hutokana na kitenzi kimoja, “send”, kubebeshwa maana za vitenzi vya Kichina vinavyotofautiana katika mambo mawili ya msingi: nani anasafiri, na nani ana mamlaka juu ya nani. Pale vitenzi hivyo vinapoingia katika mikataba ya ajira, jambo la tatu huongezeka, nalo ni nani anabaki kuwa mwajiri. Kiswahili, chenye “tuma”, “peleka” na “sindikiza”, kinatumika kama lugha ya ulinganishi.

1.0 Utangulizi

Chukulia kwamba msimamizi wa mradi wa ujenzi, mzawa wa China, anamwambia mhandisi mwenzake Mtanzania jijini Dodoma sentensi ifuatayo:

(1) “Tomorrow I will send you to the airport.”

Mhandisi anashukuru, kisha asubuhi anakaa akisubiri dereva, kwa kuwa ameelewa kwamba yupo mtu mwingine atakayekuja kumchukua. Huenda hata akajiuliza anatumwa uwanjani kumpokea nani. Msimamizi, kwa upande wake, amekwisha kupanga kuamka alfajiri, kuendesha gari mwenyewe na kumsindikiza mgeni wake hadi mahali abiria wanapoagana na wenyeji wao. Alichokusudia kuwa heshima kimepokewa kama maelekezo ya kazi. Hakuna neno gumu katika sentensi hiyo, na sarufi yake haina dosari. Mwalimu anayesahihisha daftari angeipitisha bila alama nyekundu. Ndiyo maana kosa la aina hii hudumu miaka mingi hata kwa wajifunzaji wa ngazi ya juu.

Tatizo hili limezoeleka kushughulikiwa kwa orodha za visawe: mjifunzaji hupewa “send”, “dispatch”, “assign”, “post” na wenzake, kila kimoja na fasili yake, akaambiwa kimoja ni rasmi zaidi kuliko kingine. Njia hiyo ina manufaa kidogo. Inachukulia kwamba mjifunzaji tayari anajua “send” ina maana gani na kwamba kilichobaki ni mapambo ya rejista, ilhali mzizi wa tatizo umo katika “send” yenyewe.

Kuieleza hali hii kwa Kiswahili kuna faida ambayo si ya bahati tu. Tangu Taasisi ya Confucius ilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na nyingine katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2013, Kichina, Kiingereza na Kiswahili vimekuwa vikikutana darasani na kazini kwa namna ambayo haikuwahi kuwapo. Zaidi ya hayo, Kiswahili kinapasua uwanja huu wa maana mahali palepale ambapo Kichina kinaupasua, jambo ambalo Kiingereza hakilifanyi kwa uwazi.

2.0 “Send”: kiima kinachobaki nyumbani

Katika uainishaji wa Levin (1993), vitenzi vya Kiingereza vya kutuma na kubeba vimewekwa katika kundi moja kubwa lenye matawi kadhaa. “Send” iko katika tawi lake. “Bring” na “take” ziko katika tawi jingine. “Drive” inapotumika kwa maana ya kumpeleka mtu kwa gari iko katika tawi jingine tena. Kigezo kinachotenganisha tawi la “send” na yale mengine ni iwapo mtenda anasafiri pamoja na mtendwa. Anayetenda tendo la “send” huanzisha mwendo kisha hubaki alipo. Anayetenda tendo la “take” huanza safari na mtendwa na humaliza naye.

Jaribio jepesi linadhihirisha tofauti hiyo:

(2) “I sent my brother to the hospital, but he never arrived.”
(3) “I took my brother to the hospital, but he never arrived.”

Sentensi ya (2) inakubalika: ndugu alitumwa akapotelea njiani, na aliyemtuma hakuwa na namna ya kujua. Sentensi ya (3) inajipinga, kwa kuwa aliyempeleka alikuwa naye. Kama ndugu hakufika, hata yeye hakufika. Kwa hiyo “take” inabeba habari ya kufika, na “send” haiibebi.

Pale Mwingereza anapotaka kusema kwamba alimfikisha mtu mahali yeye mwenyewe, ana akiba kubwa ya vitenzi, navyo hutaja namna ya kwenda: “walk someone home” kwa miguu, “drive someone to the station” kwa gari, “show someone to the door” kwa hatua chache za ndani ya nyumba, “drop someone off” kwa kumshusha njiani, na “see someone off” kwa kumuaga kwenye kituo cha safari. Utajiri huu wenyewe ni mzigo kwa mjifunzaji. Kichina kinampa kitenzi kimoja kinachotosha kwa yote hayo, na Kiswahili kinatosheka na viwili.

Yapo matumizi ambamo kiima cha “send” hakibaki nyumbani kwa lazima, nayo ni pale mahali pa kufikia panapokuwa taasisi na tendo linapohusu maisha badala ya safari. Mzazi anayesema “We send our children to a boarding school” huenda huwaendesha mwenyewe hadi lango la shule kila muhula. Kinachoelezwa hapo ni uamuzi na gharama. Swali la nani yuko garini halijitokezi. Tanbihi hii ina uzito, kwa sababu hapo ndipo kitenzi cha Kichina kinachozungumziwa hapa chini na “send” vinapokutana kihalali, na makutano hayo ndiyo yanayomfanya mjifunzaji aamini kwamba vinalingana kila mahali.

3.0 “Sòng” na “pài” mbele ya “tuma” na “peleka”

Kamusi za Kichina na Kiingereza aghalabu hutoa “send” kama kisawe cha vitenzi visivyopungua vinne: “pài” (派), “sòng” (送), “jì” (寄) na “fā” (发). Viwili vya mwisho huhusu barua, vifurushi na ujumbe, na havina nafasi kubwa katika mjadala huu. Viwili vya kwanza huchukua watu:

(4) Gōngsī pài wǒ qù Nèiluóbì. (公司派我去内罗毕。)
Kampuni imenituma Nairobi.

(5) Wǒ sòng nǐ qù jīchǎng. (我送你去机场。)
Nitakupeleka uwanja wa ndege.

(6) Fùmǔ sòng tā qù Yīngguó dúshū. (父母送他去英国读书。)
Wazazi wamempeleka kusoma Uingereza.

Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba tafsiri hazikulazimishwa. “Pài” imeangukia kwenye “tuma”, na “sòng” imeangukia kwenye “peleka”. Hata utata wa “peleka” unafanana na ule wa “sòng”: katika (5) mpelekaji yumo safarini, na katika (6) si lazima awemo, kwa kuwa kumpeleka mtoto masomoni ng'ambo ni kumgharimia. Kiingereza hutumia “send” katika (4) na (6), na hukataa kuitumia katika (5). Mjifunzaji aliyekwisha kuiona “send” ikifaa kwa “pài”, kisha akaiona ikifaa kwa “sòng” katika sentensi kama (6), hana sababu ya kudhani kwamba itamsaliti katika (5).

Kiini cha “sòng” inapotumika kwa mtu ni kuandamana naye sehemu ya njia. Mgeni wa Kichina humwambia mwenyeji anayetaka kumtoa nje kwamba asijisumbue, “bié sòng le”, yaani “usinisindikize tena”. Kumtoa mgeni ni “sòngkè”, kumuaga msafiri ni “sòngxíng”, na kuwapeleka watoto shule na kuwafuata jioni ni “jiēsòng”. Kuwa kando ya kitanda cha mzazi katika saa zake za mwisho ni “sòngzhōng”, kumsindikiza mtu hadi mwisho, na ndiyo sababu mila ya Kichina inakwepa kumpa mtu zawadi ya saa ya ukutani: maneno “kumpa saa” yanatamkwa sawasawa na “sòngzhōng”. Katika matumizi yote haya, kutafsiri kwa “send” kunaiondoa maana ya msingi kabisa. Kinachohitajika ni “see”: “see a guest out”, “see a friend off”. Anayesema kwa Kiingereza kwamba alim-“send” rafiki yake kituoni amejiondoa mwenyewe katika tukio ambalo kuwapo kwake ndiko kulikolipa maana.

Habari za ajali zinazoandikwa kwa Kiingereza nchini China hutoa kielelezo kingine. Majeruhi huelezwa mara nyingi kuwa “were sent to hospital”, tafsiri ya moja kwa moja ya “sòng yīyuàn”. Msomaji wa Uingereza angetarajia “were taken to hospital”, kwa kuwa gari la wagonjwa liliwachukua na wahudumu walikuwa nao. “Sent to hospital” kwake ni daktari wa zahanati kumwandikia mgonjwa aende hospitali kubwa. Tofauti hii haileti madhara katika gazeti. Katika ripoti ya uchunguzi wa ajali, ambamo ni lazima ijulikane nani alimhudumia nani njiani, inaweza kuleta.

Upande wa sintaksia unahitaji maelezo mafupi tu. Sentensi ya (4) ni ya muundo unaoitwa katika sarufi ya Kichina “jiānyǔjù”, ambamo shamirisho ya kitenzi cha kwanza ni wakati huohuo kiima cha kitenzi cha pili: “kampuni-tuma-mimi-enda-Nairobi”. Kosa linalotokana nao ni “The company sent me go to Nairobi”. Kiswahili nacho huruhusu kitenzi cha pili kujitokeza (“ilinituma niende Nairobi”), lakini kwa dhamira tegemezi inayoonesha wazi kwamba “niende” hakisimami peke yake. Katika Kiingereza mwendo umekwisha kumo ndani ya “send”. Kihusishi “to” kinatosha, na kitenzi cha pili, kama kipo, hutaja shughuli itakayofanywa huko: “sent me to Nairobi to inspect the site”. Jambo jingine la kuangalia ni muundo wa shamirisho mbili. “Send us an engineer” inakubalika, na “send the Nairobi office an engineer” inakubalika pia, kwa sababu ofisi ni watu wanaopokea. “Send Nairobi an engineer” hukubalika pale tu Nairobi inapomaanisha ofisi iliyopo huko. Mahali patupu hapapokei mtu. Kanuni hii, iliyojadiliwa kwa kina na Rappaport Hovav na Levin (2008), humwelea mjifunzaji haraka akielezwa hivyo.

4.0 Anayetuma na anayetumwa

“Pài” ina sharti ambalo fasili ya “send” hailitaji: kiima chake lazima kiwe na mamlaka juu ya shamirisho. Mkurugenzi humtuma karani, na wizara humtuma balozi. Karani hawezi kum-“pài” mkurugenzi. Atatumia “qǐng” (请), kumwomba au kumwalika. Mzungumzaji wa Kiswahili halihitaji somo hapa. Kijana akisema mbele za watu “nimemtuma babu sokoni”, waliomo barazani watageuka kumtazama. Atasema amemwomba babu ampitie sokoni, au babu amejitolea kwenda.

Kiingereza kiko katikati. “I sent my boss to the meeting” ni sentensi sahihi kisarufi, lakini husikika kama mzaha au majivuno. Kwa kuwa hakuna kitenzi cha heshima kilichowekwa tayari kwa ajili ya hali hiyo, Kiingereza hukimbilia mzunguko: “I asked my boss to go”, “my boss kindly agreed to go”. Wajifunzaji Wachina hawafanyi makosa mengi hapa, kwa kuwa lugha yao inawalinda. Wanachokosea ni kinyume chake. Kwa kuwa “sòng” ni tendo la upole, linaloweza kufanywa na mdogo kwa mkubwa, humwambia profesa mgeni “I will send you to your hotel” wakidhani wamemheshimu. Masikioni mwa profesa, mwanafunzi amejipa mamlaka ya kumwelekeza aende wapi. Makosa mawili yamekutana katika neno moja: kiima kimeondoka safarini, na ngazi ya heshima imepinduka.

5.0 “Dispatch”, “post”, “second”, “assign”: neno linapokuwa mkataba

Hapa ndipo uteuzi wa kitenzi unapoacha kuwa suala la adabu na kuwa suala la haki.

“Dispatch” iliingia katika Kiingereza katika karne ya 16 kutoka Kihispania au Kiitaliano, na tangu mwanzo ilibeba wazo la haraka na la kumaliza jambo. Kinachotumwa kwa “dispatch” ni kikosi, tarishi, gari la wagonjwa, gari la zimamoto. Mtu anayepokea simu za dharura na kuelekeza magari huitwa “dispatcher”. Wazo la kumaliza jambo lilizaa pia maana ya kuua, kwa hiyo “he was dispatched” bila kutaja mahali inaweza kumfanya msomaji wa riwaya adhani mhusika amekufa. Kwa Kichina, “pàiqiǎn” (派遣) haina haraka yoyote ndani yake. Ni neno la ofisini, tulivu, lenye utaratibu. Hata kituo kidogo cha polisi cha mtaani nchini China huitwa “pàichūsuǒ”, ofisi iliyotumwa nje. Ndiyo maana taarifa za Kiingereza kutoka taasisi za China zimejaa “dispatch” pale ambapo “send” ingetosha. Jimbo la Jiangsu limekuwa likituma madaktari Zanzibar tangu mwaka 1964, na jimbo la Shandong likituma Tanzania Bara tangu 1968. Kusema “has dispatched medical teams” kwa jambo lililoendelea kwa miongo sita kunaleta taswira ya king'ora na mbio. “Has sent medical teams” inasema kweli yenyewe.

Uzito zaidi uko katika istilahi “láowù pàiqiǎn” (劳务派遣). Sheria ya Mikataba ya Kazi ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2008, imetenga sehemu maalumu kwa mfumo huo. Wapo wahusika watatu: wakala anayetia saini mkataba wa ajira na mfanyakazi, kampuni inayomtumia mfanyakazi huyo, na mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri kisheria ni wakala, naye hutakiwa kumpa mfanyakazi mkataba wa muda usiopungua miaka miwili. Marekebisho yaliyoanza kutumika Julai 2013 yaliuwekea mfumo huo mipaka ya aina za kazi, na kanuni za mwaka 2014 zikaweka kikomo cha asilimia 10 ya wafanyakazi wa kampuni inayowatumia. Tafsiri iliyoenea ya Kiingereza ni “labour dispatch”, na mfanyakazi ni “dispatched worker”. Japani ina mfumo unaokaribiana na huo chini ya sheria ya mwaka 1985, na herufi ni zilezile, zikitamkwa “haken”. Nchini Uingereza mtu huyo huitwa “agency worker”, yaani mfanyakazi wa wakala, na neno “dispatch” halimo kabisa.

Sasa mhandisi Mchina anaandika katika wasifu wake: “From 2015 to 2018 I was dispatched to a company in Mombasa.” Msomaji wa China ataelewa ama kwamba aliajiriwa na wakala, ama kwamba kampuni yake ilimtuma, na atamuuliza ni lipi. Msomaji wa Kiingereza hatauliza. Atadhani alitumwa mara moja kwa kazi ya dharura, na miaka mitatu itamshangaza. Wote wawili hawajui jambo ambalo afisa ajira anahitaji kulijua: mwajiri alikuwa nani.

Kiingereza kina vitenzi vinavyojibu swali hilo, kila kimoja kwa namna yake. “Second”, ambayo mkazo wake huwekwa kwenye silabi ya pili ili itofautiane na neno la “pili”, humaanisha kwamba mtumishi ametoka kwa muda kwenda kufanya kazi katika taasisi nyingine huku mwajiri wake wa awali akibaki kuwa mwajiri wake, na nafasi yake ya kurudi ikiwapo. Kichina kina “jièdiào” (借调), “hamisho la kukopwa”, na utumishi wa umma wa Tanzania husema mtumishi “ameazimwa”. Lugha mbili zisizo na undugu zimechagua sitiari ileile ya kuazima, nayo ni sahihi, kwa kuwa kilichoazimwa bado ni mali ya mwenyewe. Kiingereza cha Uingereza kimeificha sitiari hiyo ndani ya neno linalofanana na namba, na pengine hilo ndilo linaloifanya “second” iwe ngumu kuliko ilivyostahili. Katika utumishi wa serikali ya Marekani neno hilo halizoeleki. Husemwa mtumishi “is on detail”.

“Post” humpa mtumishi kituo. Askari, mwanadiplomasia na ofisa wa benki hu-“post”-iwa, na kitenzi huonekana zaidi katika kauli ya kutendwa: “she was posted to Nairobi”. Mwajiri hajabadilika, na safari ni sehemu ya ajira yenyewe. Leo Nairobi, miaka michache baadaye kwingineko. Kichina husema “pàizhù” (派驻), kumtuma mtu akakae. Hata hivyo, katika sheria ya Umoja wa Ulaya “posted worker” ina maana finyu zaidi. Maelekezo 96/71/EC ya mwaka 1996 yanamhusu mfanyakazi anayetumwa na mwajiri wake kwa muda mfupi katika nchi nyingine mwanachama, iwe kwa mkataba wa huduma, ndani ya kundi moja la kampuni, au kupitia wakala wa kazi za muda. Maana yake ni kwamba sehemu moja ya “láowù pàiqiǎn” inaweza kuingia ndani ya “posting” ya Ulaya, na sehemu kubwa haiingii. Mfasiri anayechukua “post” kwa sababu tu inasikika ya kistaarabu kuliko “dispatch” anaweza kumvisha mfanyakazi hadhi ya kisheria asiyokuwa nayo.

“Assign” haina safari ndani yake. Mtu anaweza ku-“assign”-iwa kesi, darasa au zamu bila kutoka kitini. Ni kitenzi kinachofaa kwa “fēnpèi” (分配), mfumo ambao dola ya China iliutumia kuwapangia wahitimu wa vyuo kazi hadi ulipoachwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1990. “Kupangiwa kituo” kwa walimu wa Tanzania ni dhana iliyo karibu sana nao. “Deploy” imetoka jeshini, nayo hupenda vikosi na vifaa kuliko mtu mmoja. “Delegate”, ambayo wajifunzaji huitumia sana kwa “wěipài”, kwa kawaida huchukua kazi kama shamirisho: hugawiwa jukumu, na mtu ndiye anayelipokea.

6.0 Viambata vinavyopindua maana

Vitenzi vyenye viambata hudai kujifunzwa kimoja kimoja. Nomino “send-off” ni hafla ya kuagana, jambo la furaha na hotuba. Kitenzi “send off” katika kandanda ni kuoneshwa kadi nyekundu. Mwanafunzi anayeandika “We sent off our teacher with tears” amemfukuza mwalimu uwanjani. Akisahihishwa kuwa “saw off”, hajafika salama bado, kwa kuwa “see off” katika Kiingereza cha Uingereza ina pia maana ya kumtimua mvamizi, kama mbwa anavyomtimua mwizi. Muktadha tu ndio utakaomwokoa. “Send for” hugeuza mwelekeo: “they sent for the doctor” maana yake daktari anakuja, na aliyekwenda kumwita hatajwi.

Kielelezo chenye historia nzito zaidi ni “send down”. Kufuatia agizo la Mao Zedong la Desemba 1968, vijana wa mijini waliokuwa wamesoma walipelekwa vijijini na milimani. Hesabu ya kipindi chote cha sera hiyo hutajwa kuwa takriban vijana milioni 17. Wanahistoria wanaoandika kwa Kiingereza huwaita “sent-down youth”. Neno “down” linafuata “xià” ya Kichina, kushuka kutoka mjini hadi shambani. Msomaji wa Uingereza asiye na habari hizi huingia katika sentensi akiwa na maana nyingine mbili: “he was sent down” ni kufungwa jela, au kufukuzwa Oxford au Cambridge, ambako mwanafunzi “hupanda” anapoingia chuoni na “hushuka” anapotoka. Tafsiri hiyo imekwisha kukita mizizi na haifai kubadilishwa. Inahitaji tu maelezo pale inapojitokeza kwa mara ya kwanza, jambo ambalo waandishi wengi hulisahau.

7.0 Kosa ni la nani, na lianzie kurekebishwa wapi

Mtahini atakayesoma (1) kama kosa moja kwa moja ana wajibu wa kukumbuka Singapore na Malaysia, ambako “I'll send you home” ni kauli ya kila siku inayomaanisha kumpeleka mtu kwa gari hadi nyumbani, na hakuna anayeshangaa. Huko Kichina na Kimalei vimesukuma upande mmoja. Afrika ya Mashariki ina mfano wake: wazungumzaji wengi husema “let me escort you to the stage” kwa maana ya kumsindikiza mgeni hadi kituo cha basi, ilhali kwingineko “escort” ni ulinzi wa polisi au msafara rasmi. Lugha zenye kitenzi cha kusindikiza hukitafutia nafasi katika Kiingereza, na kila moja hunyakua neno lililo karibu. Kwa hiyo lawama inategemea msikilizaji. Darasani Beijing, mwanafunzi anayejiandaa kufanya kazi Singapore haponzwi na “send”. Anayekwenda London au Dodoma anaponzwa.

Kwa upande wa ufundishaji, ni vyema kuacha orodha ya visawe hadi mwisho na kuanza na sentensi moja ambayo mwanafunzi Mchina anayo tayari:

(7) Gōngsī pài chē sòng wǒmen qù jīchǎng. (公司派车送我们去机场。)
“The company sent a car to take us to the airport.”
Kampuni ilituma gari litupeleke uwanja wa ndege.

Vitenzi vyote viwili vimo, kila kimoja mahali pake. Kampuni imebaki ofisini, nayo imepata “pài”, “sent”, “ilituma”. Gari limekwenda na abiria, nalo limepata “sòng”, “take”, “litupeleke”. Mwanafunzi akiulizwa nani yuko ndani ya gari, hujibu bila kusita, na jibu lake ndilo linaloteua kitenzi. Akishalizoea swali hilo, huulizwa la pili: anayetuma ana haki ya kutuma? La tatu, kwa wale wanaojifunza Kiingereza cha ofisini, ni nani anayemlipa mshahara aliyetumwa mwisho wa mwezi.